Mzee wa Uraka na Bwana wa Wiski: Daktari Aulize Ladha Kwanza

Kuanzia mwezi wa Oktoba, mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa huangusha vitu viwili kwa pamoja. Korosho huokotwa, huanikwa, hutiwa kwenye magunia na kupelekwa AMCOS, ambako husubiri mnada unaosimamiwa na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Bibo, ambalo lina uzito mara nyingi kuliko korosho iliyoning'inia chini yake, halina mnada. Sehemu kubwa huozea shambani, na sehemu nyingine hukamuliwa. Maji yake yakiachwa chomboni usiku mmoja huanza kutoa povu, na hicho ndicho kinywaji ambacho watu wa kusini hukiita uraka. Uraka ukipikwa kwenye mtambo wa pipa na bomba, kinachodondoka upande wa pili ni gongo, au nipa kwa jina linalosikika zaidi kuelekea mto Ruvuma na ng'ambo yake.

Katika miji hiyohiyo, hatua chache kutoka sokoni, zipo baa zenye rafu za chupa. Juu husimama Johnnie Walker, Jameson na Jack Daniel's; chini kidogo Konyagi na K-Vant. Wateja wa rafu hiyo ni mtumishi wa halmashauri, mwalimu aliyelipwa malimbikizo yake, mnunuzi wa korosho aliyefuata mnada, dereva wa lori. Mmoja akisema hapendi wiski yenye harufu ya moshi, mwenzake humsikiliza. Akiongeza kuwa ile ya Ireland ni laini kooni na ile ya Marekani ina utamu unaofanana na vanila, huhesabiwa mtu mwenye uzoefu, pengine hata mstaarabu. Lakini mzee wa kijijini akisema kwamba uraka wa asubuhi ni wa watoto, na kwamba yeye huupenda uliolala siku mbili, husikika kama mlevi anayejitetea. Tofauti hiyo ya masikio ndiyo hoja ya makala haya, kwa kuwa imeingia hadi kwenye chumba cha daktari, na humo inaumiza watu.

Ni vema kwanza kuangalia hicho kinachoitwa ladha ya wiski, maana wengi hukisifu pasipo kujua kilikotoka. Wiski ni kinywaji cha nafaka: shayiri, mahindi, ngano au shayiri nyeusi, iliyochachushwa, ikapikwa kwenye mtambo, kisha ikalazwa ndani ya pipa la mti. Ile ya Scotland haina ruhusa ya kuitwa kwa jina hilo kabla haijakaa miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni, na haipaswi kushuka chini ya asilimia 40 ya kilevi. Bourbon ya Marekani ni lazima itokane na nafaka ambayo angalau asilimia 51 yake ni mahindi (mahindi yaleyale yanayosongwa ugali Mnero na Mandawa), na pipa lake liwe jipya, lililochomwa ndani hadi likawa jeusi. Utamu wa vanila na sukari iliyoungua hutoka kwenye mti huo uliochomwa. Jameson hupikwa mara tatu, na kila mpiko huondoa baadhi ya vitu vizito. Ndiyo sababu huonekana laini. Jack Daniel's huchujwa kwanza kwenye mkaa. Wiski za kisiwa cha Islay, ambazo wapenzi wake huzitetea kama mashabiki wanavyoitetea Namungo, hupata harufu yake ya moshi kwa kuwa shayiri hukaushwa juu ya moto wa udongo wa mboji, na moshi huo huacha kemikali za fenoli kwenye punje. Mtu akiionja mara ya kwanza husema imefanana na dawa ya kuoshea vidonda. Hakosei sana, kwa maana fenoli ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa za kuua vijidudu hospitalini.

Na ule mwako wa kooni? Kilevi kikali huamsha vipokezi vilevile vya neva vinavyoamshwa na pilipili na joto. Hakuna mtoto anayezaliwa akiupenda. Mwako huo hujifunzwa, kama pilipili inavyojifunzwa, kwa kurudiarudia, pamoja na watu fulani, mahali fulani, hadi ubongo uuunganishe na raha inayofuata baadaye. Ladha ya pombe, kwa maneno mengine, ni kumbukumbu ya mwili. Kwa sababu hiyo humweleza daktari mambo mengi kuhusu mgonjwa wake: alianza lini, anakunywa na nani, saa ngapi, na kwa muda gani mwili wake umezoea.

Sasa msomaji aiweke rafu ya baa kando ya mtambo wa shambani. Maji ya bibo yakiwa mapya ni matamu, yana vitamini C nyingi kupita chungwa, lakini yana ukakasi unaokausha ulimi. Wapo wanaoupenda ukakasi huo na wapo wasioweza kuustahimili. Kadiri chachu inavyokula sukari, utamu hupungua, uchachu huongezeka, na kilevi hupanda hadi kufikia kiasi cha asilimia 5 hadi 7 hivi, kwa kuwa sukari iliyomo haiwezi kutoa zaidi ya hapo. Msimu unapokwisha, mabibo yaliyokaushwa juani hulowekwa na kuchachushwa upya, na gongo yake huwa na harufu nyingine kabisa. Mpishi mzoefu hutenganisha yanayodondoka mwanzoni, ya katikati na ya mwisho, kama afanyavyo mpishi wa wiski kule Scotland. Mnywaji naye hujua ni mtambo wa nani hutoa harufu ya kuungua na wa nani hutoa harufu ya tunda. Hata majina yana ufundi wake. Gongo huitwa moshi, piwa, machozi ya simba, supu ya mawe. Mtu hawezi kukitungia kitu majina mengi namna hiyo bila kukiangalia kwa makini.

Lipo pia jambo la kufurahisha kuhusu neno lenyewe. Huko Goa, pwani ya magharibi ya India, pombe ya mabibo iliyopikwa mara moja huitwa urrak, na ikipikwa tena huitwa feni. Mkorosho ulifika Goa na Msumbiji kutoka Brazili kwa merikebu za Wareno katika karne ya 16. Nyuma ya jina la Goa lipo neno la Kiarabu araki, lenye maana ya jasho, kwa jinsi matone yanavyotoka kwenye mtambo kama jasho usoni. Si vigumu kuuona undugu wake na uraka wa kusini mwa Tanzania, ingawa huku jina limebaki kwa kinywaji ambacho hakijapikwa. Mwaka 2009 feni ya Goa ilisajiliwa kisheria kama bidhaa inayotambulishwa na mahali ilikotoka, kwa mantiki ileile inayoilinda wiski ya Scotland. Tunda ni lilelile na bahari ni ileile ya Hindi.

Kwa nini basi ndugu mmoja awe urithi na mwingine awe kesi ya polisi? Jibu lipo katika historia, na Nachingwea inalijua vizuri. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulizitaka dola za kikoloni kupiga marufuku utengenezaji wa pombe ya kupikwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa kipindi kirefu cha utawala wa Waingereza, Mwafrika wa Tanganyika alizuiwa kunywa pombe kali, huku Mzungu akiagiza wiski yake kwa meli. Mwaka 1947 mpango wa karanga ulipoanza, Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake vikubwa. Reli ikajengwa kutoka Mtwara, matrekta yakaja, wataalamu wakaja, na tabia zao za jioni zikaja pamoja nao. Karanga zilishindwa, reli ikang'olewa, lakini ngazi ile ya heshima ilibaki: cha chupa juu, cha kibuyu chini. Uhuru haukuigeuza. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inazuia kupika au kuuza gongo bila leseni, na kwa mama wa Ruangwa mwenye pipa moja na bomba moja, leseni hiyo ni sawa na katazo. (Katika miaka hiyohiyo Nachingwea ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na mpaka wa Ruvuma ulivukwa na watu wenye maneno yao na mapishi yao.)

Haya yote yangekuwa ya wanahistoria kama yasingefika zahanati. Mazungumzo yafuatayo yanaweza kusikika siku yoyote katika wilaya hizi mbili:

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Unatumia pombe?

— Hapana, daktari.

Faili hupokea neno moja, "hatumii", na dawa huandikwa. Mzee hakudanganya. Kwake yeye pombe ni bia ya dukani au gongo ya kificho. Uraka ni kinywaji cha msimu, karibu na chakula, kinachomkaribisha mgeni shambani. Na kama ni gongo, kwa nini amwambie mtumishi wa serikali, aliyevaa koti jeupe, kwamba anafanya jambo linaloweza kumpeleka mahakamani? Bwana wa wiski, akiulizwa swali hilohilo, hujibu kwa tabasamu kwamba yeye hunywa "kidogo tu, wiski nzuri", na jibu hilo pia huandikwa kama lilivyo, kwa sababu daktari mwenyewe anaiheshimu chupa ile. Mmoja amefichwa na sheria na mwingine amefichwa na sifa.

Hebu hesabu ifanywe. Toti 4 za mililita 30, za wiski ya asilimia 40, zina kilevi halisi cha gramu 38 hivi. Lita moja ya uraka wa asilimia 6 ina gramu 47 hivi. Bia 2 za nusu lita, za asilimia 5, zina gramu 39 au 40. Chupa ndogo ya mililita 200 ya Konyagi, yenye asilimia 35, ina gramu 55. Robo lita ya gongo yenye nguvu ya wiski ina gramu 79. Ini halina ulimi. Huivunja molekuli ileile kwa mwendo uleule, kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa kwa mtu wa kawaida, pasipo kuuliza kama ilipita kwenye pipa la mwaloni au kwenye bomba lililotolewa kwenye gari bovu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba anayekunywa zaidi ya gramu 40 kwa siku huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu takribani mara tatu. Mzee wa lita moja ya uraka yumo katika kundi hilo. Bwana wa toti 4 yupo mlangoni, na toti ya 5 itamwingiza ndani. Hakuna hata mmoja wao ambaye faili lake linasema hivyo.

Hapa ndipo kuheshimu ladha kusipokuwa kuisifu pombe. Walio wengi, wa juu na wa chini, hutumia ladha kama kipimo cha usalama, na kipimo hicho hakifai. Anayependa wiski huamini kwamba ulaini ni dalili ya usafi. Kumbe ulaini humsaidia kunywa haraka zaidi. Anayependa rangi ya dhahabu huamini kuwa rangi ni umri, ilhali sheria ya Scotland yenyewe inaruhusu rangi ya karameli kuongezwa. Anayependa gongo huiwasha kwa kiberiti: ikiwaka moto wa buluu, husema ni safi.

Upo utafiti wa kuvutia uliochapishwa Marekani mwaka 2010, ambao ulilinganisha bourbon na vodka. Bourbon ina vile vitu vidogo vinavyoipa pombe harufu na rangi kwa kiasi cha mara 37 ya vodka. Waliokunywa bourbon waliamka na hali mbaya zaidi. Kichwa kizito, kichefuchefu, vile vinavyowafanya watu waende kuzimua kwa supu asubuhi. Lakini walipopimwa umakini na wepesi wa kutenda, makundi yote mawili yalikuwa yameharibika sawasawa. Kwa lugha ya Ruangwa: aina ya kinywaji inaweza kubadilisha maumivu ya asubuhi, lakini mikono inayoshika usukani wa bodaboda hudhoofishwa na kilevi chenyewe. Utafiti mwingine wa California, wa mwaka 2008, uliwapa watu mvinyo uleule mara mbili ukiwa na bei mbili tofauti. Waliousifu zaidi ni wale walioamini wanaonja wa bei kubwa, na picha za ubongo zikaonyesha raha yao ilikuwa ya kweli. Bei, basi, nayo huonjwa. Bwana wa wiski asimcheke sana mzee wa uraka.

Kuhusu saratani hakuna la kubishania. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi mwaka 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Koo, umio, ini, utumbo mpana, titi. Afrika Mashariki ina mzigo mkubwa wa saratani ya umio, na daktari yeyote aliyewahi kumpokea mgonjwa asiyeweza kumeza hata uji, aliyekuja miezi sita baada ya ugali kuanza kukwama, anajua kuwa swali la "unatumia pombe?" lingepaswa kuulizwa vizuri zaidi miaka 10 nyuma.

Jambo la methanoli linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hofu yake imetumika vibaya. Matunda yana pektini, na pektini inapovunjwa wakati wa kuchachuka hutoa methanoli kidogo. Kwa hiyo gongo ya mabibo, kama zilivyo pombe zote za matunda duniani, ina methanoli kiasi. Kwa kawaida kiasi hicho hakitoshi kupofusha mtu. Maafa makubwa husababishwa na binadamu anayeongeza kemikali ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali na faida iwe kubwa. Nairobi, mwaka 2000, pombe ya aina hiyo iliua zaidi ya watu 100. Kabale, nchini Uganda, mwaka 2010, waragi iliyochanganywa iliua makumi ya watu. Mtaalamu anayemwambia mpishi wa Nachingwea kwamba kila tone lake ni sumu ya macho hupoteza masikio yake yote, kwa sababu mpishi amewanywesha majirani kwa miaka 20 na macho yao yapo. Anayemwambia ukweli, kwamba hatari huja siku mfanyabiashara anapomletea dumu la "spiriti" ya kuongeza nguvu, anaweza kusikilizwa.

Na kile kiberiti hakisaidii. Methanoli nayo huwaka, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Moto wa buluu unaonyesha tu kwamba ethanoli ipo, hausemi kama ipo peke yake. Harufu pia haisaidii. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi iwapo ethanoli imenyweka kwa wingi pamoja nayo: kichwa, tumbo, kupumua haraka, kisha ukungu machoni kama mtu aliyetazama ndani ya moshi. Mwenye dalili hizo ni mgonjwa wa dharura, na zahanati haitoshi kwake. Wakati bado upo, ini linaweza kuzuiwa lisiigeuze methanoli kuwa asidi, damu ikarekebishwa kwa bikaboneti, na sumu ikaondolewa kwa mashine ya kusafisha damu. Muda hupotea pale familia inapoogopa kusema alichokunywa. Nesi akiuliza kwa sauti ya polisi, hupata majibu ya mshtakiwa.

Wapo wanaodai kwamba suluhisho ni leseni: gongo ihalalishwe, itiwe chupani, ipimwe, itozwe kodi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haina uzito wote inaopewa. Kenya iliihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya chupa za kioo na maandishi ya onyo. Mpishi mdogo hakuyamudu masharti, akabaki alipokuwa, na maafa ya pombe chafu hayakukoma. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965, iliyotaka wapishi wauze kwa kiwanda kilichoruhusiwa, na huko ndiko ilikotoka Uganda Waragi ya madukani. Waragi ya kijijini iliendelea bila kujali. Tanzania ilipopiga marufuku viroba vya plastiki kuanzia Machi 2017, ilifanya jambo jema, kwa kuwa kiroba kiliingia mfukoni mwa mwanafunzi kirahisi mno. Lakini pombe ileile ilihamia kwenye chupa ndogo. Pombe ikiwa halali haipungui, na ikiwa haramu haionekani. Kwa afya ya wilaya kama Nachingwea, kuonekana ni bora kidogo, ila tu kama kupimwa kwa methanoli na risasi (mabomba na redieta za magari huacha risasi kwenye gongo) kutafika kijijini, na kusibaki kwenye waraka. Njia nyingine, ambayo haijaribiwi vya kutosha, ni kulipa bibo bei. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimeonyesha kwa muda mrefu kwamba bibo hutoa juisi na jamu nzuri. Pipa la uraka litapungua siku mama atakapolipwa zaidi kwa ndoo ya maji matamu kuliko kwa ndoo ya maji makali. Kabla ya siku hiyo, kumhubiria ni kumwomba aache ada ya shule ya mwanawe.

Chumba cha daktari, hata hivyo, hakina haja ya kusubiri bunge wala kiwanda. Shirika la Afya Duniani lina dodoso lake la maswali 10, AUDIT, ambalo ni zuri, lakini huhesabu kwa "kinywaji kimoja", na hakuna mtu Ruangwa anayekunywa kinywaji kimoja; hunywa kata, kopo, nusu chupa. Lazima litafsiriwe kwa vyombo vya watu. Na swali la kwanza libadilike. Mazungumzo yaleyale yanaweza kwenda hivi:

— Mzee, msimu huu mabibo yamekubali huko kwenu?

— Yamekubali sana, mwanangu. Mengi yameoza.

— Na uraka, unaupenda wa siku ile ile au uliolala?

— Aa, wa siku ile ile ni wa kina mama. Mimi nataka uliolala siku mbili. Nikikosa huo, jioni natafuta ile nyingine, kidogo.

Katika majibu mawili daktari amepata alichokitafuta: mgonjwa anakunywa kila siku, ameongeza ukali kadiri miaka ilivyokwenda, na akikosa uraka hutafuta gongo. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Swali hilohilo, kwa bwana wa wiski, huwa: "Zamani ulipenda ipi, na siku hizi ipi?" Aliyeanza na bia, akahamia wiski yenye barafu, na sasa huinywa kavu kwa kuwa "maji yanaharibu ladha", ameeleza historia ya ugonjwa wake kwa fahari, bila kujua kuwa ameeleza ugonjwa.

Umuhimu wa kujua hayo huonekana zaidi wodini. Mkulima amegongwa na pikipiki njiani kutoka mnadani, fedha ya korosho ikiwa bado mfukoni. Amelazwa, mguu umefungwa, faili linasema hatumii pombe. Siku ya pili mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Usiku anapata mshtuko wa kifafa ambao hajawahi kuwa nao maishani. Siku ya tatu anawaona watu ukutani, anataka kung'oa dripu na kwenda shambani. Ndugu wanasema malaria imepanda kichwani, au wanataja jirani aliyemwonea kijicho kwa sababu ya malipo. Kwa kweli huo ni mwili ulioachishwa kilevi ghafla, hali inayoweza kuua, na ambayo hutibika kwa diazepamu inayopunguzwa taratibu, maji ya kutosha, na sindano ya thiamini inayotangulia dripu yoyote ya glukosi. Ndiyo sababu ushauri wa "acha leo hii" haufai kupewa kila mnywaji. Kwa aliyezoea kunywa tangu asubuhi, kuacha kunahitaji uangalizi wa siku kadhaa.

Bwana wa wiski aliyelazwa kwa ajali kama hiyo hupitia mambo yaleyale, kwa saa zilezile. Ndugu zake tu ndio watakaoeleza kwa namna nyingine. Watasema ni presha, au ni msongo wa kazi. Nesi wa zamu ya usiku anahitaji mstari mmoja ulioandikwa siku ya kwanza, wenye jina la kinywaji, chombo na saa: "Uraka uliolala, kopo tatu, kila jioni; gongo akiukosa; mara ya mwisho jana saa kumi na mbili."